Lenzi ya Kupigia Gari, na Swali la Umesimama Wapi

Swali ninaloulizwa mara nyingi na vijana wanaoanza kupiga picha ni hili: "Kaka, lenzi gani nzuri kwa magari?" Wanataka namba. Niwatajie 35, 50 au 85, waende Kariakoo wakanunue, basi. Namba ninazo na nitazitaja kabla sijamaliza. Lakini kila nikitaka kujibu, swali jingine ambalo halina bei linanitangulia: mtu anayepiga picha ya gari anadaiwa nini, na nani? Maana gari halina aibu, halikunji uso, halikatai kupigwa. Binadamu ukimpiga vibaya atalalamika. Gari litanyamaza, na atakayeumia ni mtu mwingine kabisa.

Tuanze na hesabu kidogo, haiumi. Wengi huamini kwamba lenzi pana hulirefusha gari na lenzi ndefu hulibana. Kinacholibadilisha gari hasa ni umbali kati yako nalo. Chukua gari la mita 4. Ukisimama mita 2 mbele ya bampa, sehemu ya nyuma iko mita 6 kutoka ulipo, yaani mara tatu ya umbali wa mbele. Kwa hiyo mbele itaonekana kubwa mara tatu kuliko nyuma: taa zimekodoa, boneti imefura, nyuma kumesinyaa. Rudi hadi mita 10. Sasa mbele iko mita 10 na nyuma iko mita 14. Tofauti imeshuka kuwa mara 1.4 tu, na gari limerudi kufanana na gari.

Kazi ya lenzi hapo ni kukata. Ya milimita 24 inakata kipande kikubwa cha kilicho mbele yako, hivyo inakuruhusu kusogea karibu. Ya milimita 120 inakata kipande kidogo, hivyo inakulazimisha kurudi nyuma ukitaka gari zima lienee. Usiniamini, jaribu kwa simu. Kamera kuu ya simu nyingi ina upana unaokaribia ule wa milimita 24 hadi 26, ndiyo sababu gari likipigwa kwa simu kwa karibu huwa na pua ya kujivuna.

Kwa hiyo hakuna lenzi ya kweli na lenzi ya uongo. Sisi wasomaji wa riwaya tunalijua hili siku nyingi. Msimulizi lazima asimame mahali, na hatumkasirikii kwa kusimama hapo. Tunamkasirikia akituficha alipo huku akitutaka tumwamini. Picha nayo ina msimulizi, ila huyu haonekani, na watu wanaidhania kuwa ni macho yao wenyewe.

Sasa mfikirie mwalimu aliyeko Songea anayetafuta gari la mkononi. Gari liko yadi Dar es Salaam, au liko Japani bado. Hawezi kulizunguka, hawezi kugonga bodi kwa kidole asikie kama kuna puti. Anachonacho ni picha kumi kwenye simu, na akiba ya miaka. Hapo lenzi inageuka kuwa ushahidi. Ukiipachika lenzi pana ndani ya gari, kiti cha nyuma ambacho mtu mzima anakaa magoti yakimgusa kidevu kitaonekana kama sebule. Kuna pia kile kichujio cha polaraizi tunachokifunga mbele ya lenzi kuondoa mng'ao kwenye rangi na vioo. Kinapendeza, nakitumia. Lakini fundi wa bodi hulisoma gari kwa mng'ao huohuo: akiona taswira ya nguzo au waya wa umeme inajikunja mlangoni, anajua mlango huo umewahi kupondeka ukanyooshwa. Ukiufuta mng'ao wote, umefuta na habari.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakina haja ya kujitembeza, kinatafutiwa mpiga picha. Madalali watakwambia kila bidhaa hupambwa, hata nyanya sokoni zinapangwa nzuri juu. Ni kweli. Ila nyanya unaweza kuzigeuza kabla ya kulipa. Anayenunua kwa picha amekupa wewe macho yake, umtazamie. Huyo anadai pembe nne za gari zipigwe kutoka umbali wa mita kadhaa, kwa lenzi ya 50 au 85, na mlango wenye mkunjo upigwe hivyohivyo bila kuonewa haya.

Kwenye mbio mambo ni mengine. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, wapiga picha huifuata kwa lenzi ndefu, 70-200 au hata 400, kwanza kwa usalama wao. Picha hizo huwaonyesha watazamaji kana kwamba wanaligusa gari, kumbe wako mbali nalo nyuma kule. Wengine hupunguza kasi ya shata hadi sehemu moja ya 60 ya sekunde, wakiligeukia gari kwa kamera linapopita, na dunia yote nyuma yake inakuwa mistari. Mfaransa Jacques Henri Lartigue alipiga gari la mashindano mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kwa kuwa shata yake ilikuwa mwanya unaopita taratibu mbele ya bamba la picha, gurudumu likatoka yai lililoinama mbele, na watu kando ya barabara wakainama nyuma. Hakuna gurudumu la namna hiyo duniani. Je, picha ile inadanganya? Mimi nasema hapana. Hakuna atakayelinunua gurudumu lile. Kila anayeitazama anajua kwamba anaonyeshwa kasi, na kasi aliiona.

Basi uongo hauko kwenye kupinda. Uko pale ambapo mtazamaji atafanya jambo zito kwa kutegemea picha, na hajui wewe ulisimama wapi.

Hapa nafika kwenye magari ninayoyajua zaidi. Mimi ni mwandishi wa habari, na gari ninaloitiwa kulipiga mara nyingi si jipya wala la mbio. Ni lililopinduka. Kwenye ajali lenzi ndefu ina wakili mzuri. Wenzangu husema: ukiwa na 200 unakaa mbali, huwazuii waokoaji, humkanyagi majeruhi, humsogezei mama aliyefiwa kamera usoni. Hoja hii naiheshimu. Kwa gari lenyewe, kwa barabara na alama za breki juu ya lami, naikubali yote.

Kwa uso wa mtu siikubali. Umbali ule ule unaomwachia mama nafasi yake unamnyima pia nafasi ya kukataa. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini waswahili hatukumaanisha kwamba kila kilichoonwa kichukuliwe kikauzwe asubuhi. Ukiwa na lenzi ya 35 huna ujanja: ili upate uso lazima umfikie, umpe pole, naye akuone. Akigeuka, picha hakuna. Lenzi fupi inamrudishia neno "hapana", na hilo ndilo pekee alilobakiwa nalo pale kando ya barabara.

Halafu kuna namba za gari. Lenzi ndefu inazisoma kutoka mbali, safi kabisa. Mhariri huzipenda kwa sababu zinathibitisha ni gari lipi. Lakini picha siku hizi inafika kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla ya polisi hawajapiga simu. Mtoto akiziona zile herufi na tarakimu anazozijua kwa moyo, ameshapewa taarifa ya msiba, na aliyempa ni mimi. Kwa hilo hakuna lenzi ya kununua. Kuna kuhama hatua mbili kushoto ili nguzo ikae mbele ya kibao cha namba.

Haya, kijana, namba zako. Kama kamera yako ni ya kihisi kidogo, zidisha kila namba kwa 1.5 hivi ujue itakavyoona. Ukiwa na fedha ya lenzi moja, nunua 50 yenye f/1.8: ni nyepesi, bei yake ndogo kuliko nyingi, na inakulazimisha kutembea. Ukipenda mbio, ongeza 70-200. Pana ya 24 iache kwa matangazo na mabango, ambako kila mtu anajua gari limevishwa kwa sherehe. Na kabla hujabonyeza, uliza nani ataitegemea picha hii. Kama ni mwalimu wa Songea, rudi nyuma mita kumi. Kama ni mama wa kando ya barabara, weka ile ndefu kwenye begi uende ukampe pole, hata kama utarudi bila picha.