Kumpeleka Mtoto Makaoni, Je, ni Kumtupa?



Nikiwa kwenye mwaka wa uchungaji nilimsindikiza bibi mmoja kwa afisa ustawi wa jamii. Alikuwa akimlea mjukuu yatima, ila macho yake hayakuona tena na mtoto alikuwa anashinda njaa. Afisa aliulizia ndugu kwanza, maana makao ya watoto ni hatua ya mwisho. Hakupatikana mtu. Bibi alipoweka dole gumba kwenye fomu alininong'oneza: “Frateri, si namtupa huyu?”

Nina digrii ya falsafa, lakini siku ile nilikosa jibu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kuwa kupenda ni kumtakia mwingine mema. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inatanguliza maslahi ya mtoto, siyo aibu ya ukoo. Hata mama yake Musa alimweka mwanawe kwenye kikapu mtoni, ila dada mtu alisimama kwa mbali akiangalia. Tofauti iko hapo: anayetupa haangalii nyuma, anayekabidhi anaendelea kufuatilia.

Basi bibi hakumtupa. Mimi je? Nilihamishwa parokia, na sijawahi kurudi kumwona mtoto yule. Likizo hii nitakwenda, nikimshika bibi mkono. Kwenu kuna makao? Nani anakwenda?