Wapiga Mbio Wawili

Somo: 2 Samweli 18:19–33

Kila tunapohubiriwa habari za mbio kanisani, twapelekwa kwa Mtume Paulo na taji yake, au kwa Waraka kwa Waebrania na lile wingu la mashahidi. Ni vema. Lakini leo twataka kuwageuzia macho kwa wapiga mbio wengine wawili, ambao hawakushindania taji yo yote. Hao walitumwa habari.

Vita vimekwisha katika msitu wa Efraimu, ng'ambo ya Yordani. Absalomu, mwana wa mfalme, amekufa. Mfalme Daudi ameketi langoni pa mji wa Mahanaimu, naye hajui. Ahimaasi, mwana wa Sadoki kuhani, kijana mwenye miguu myepesi, aomba apeleke habari. Yoabu amkatalia, kwa sababu mwana wa mfalme amekufa. Badala yake amtuma Mkushi, mtu wa asili ya Kushi, yaani mtu mweusi kama sisi. Ahimaasi hatulii. Aomba tena, mpaka Yoabu amwachia. Naye ashika njia ya uwandani, ampita Mkushi.

Maandiko hayataji njia ya Mkushi. Lakini mtu akiijua ile nchi ya Gileadi, ataona kwamba asiyepita uwanda wa Yordani hana budi kupanda na kushuka vilima. Nchi hizo za ng'ambo zilikuwa na mizabibu pia. Katika Waamuzi sura ya 11 patajwa mahali katika nchi ya Waamoni paitwapo Abel-keramimu, na maana ya jina hilo ni uwanda wa mizabibu. Basi tunadhani Mkushi alikata njia ya vilimani, yenye mawe na mashamba, na mwenzake alizunguka patambarare. Njia ndefu ikawa fupi, kwa sababu mguu haukuchoka.

Ahimaasi akafika kwanza. Mfalme akamwuliza neno moja tu: yule kijana Absalomu hajambo? Naye, aliyejua kila kitu, akajibu kwamba aliona ghasia kubwa, wala hakujua ni nini. Mfalme akamwambia asimame kando.

Hapo twasimama nasi, maana tunamjua Ahimaasi kwa karibu.

Huku kwetu Migato hakuna mizabibu. Twalima pamba na mtama. Wala hatukuzoea vilima vya mawe mpaka tulipokwenda kusomea ualimu Mpwapwa, katika mkoa wa Dodoma. Mwaka 1983 tulipelekwa wawili, sisi na mwenzetu mmoja wa darasa, kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Hombolo. Huko tuliona mizabibu kwa mara ya kwanza, imefungwa kwenye waya na nguzo katika udongo mwekundu wa kichanga. Wenyeji walitufundisha kwamba mzabibu wa Dodoma ukipogolewa vizuri huzaa mara 2 kwa mwaka, na kwamba usipopogolewa huota majani mengi ya kupendeza macho tu. Tangu hapo sura ya 15 ya Yohana tunaisoma tukiona mikono ya watu na visu vyao.

Kila alfajiri tulikimbia mchakamchaka na watoto. Zilikuwako njia mbili. Ya kwanza ilizunguka chini, kando ya bwawa, tambarare tupu; watoto waliipenda, na nyimbo zilisikika mbali. Ya pili ilipita kati ya mashamba ya zabibu, ikapanda kilima cha mawe, ikashukia kijiji cha pili penye mibuyu. Katika njia hiyo wimbo ulikufa kila tulipofika nusu ya mwinuko. Aliyekuwa mbele akipiga kelele alinyamaza, na wale wanyonge wa uwandani mara nyingine waliwapita hodari. Siku zile Tanzania nzima ilikuwa ikizungumza habari za mbio. Mwaka 1982, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane, Juma Ikangaa na Gidamis Shahanga waliongoza marathoni kwa umbali mkubwa, na vilima vya mwisho ndivyo vilivyoamua. Robert de Castella wa Australia aliwafikia huko. Ikangaa akampita tena, akapitwa tena, akamaliza wa pili nyuma yake kwa sekunde 12. Tuliwasimulia watoto habari hiyo mara nyingi, pengine kupita kiasi.

Mwezi wa tatu mwaka huo, mtoto mmoja wa shule yetu alifariki hospitalini mjini. Habari ilifika shuleni asubuhi kwa mdomo wa dereva wa lori. Simu haikuwako. Mwalimu Mkuu akatuita sisi wawili, kwa kuwa tulikuwa vijana na tulijua kukimbia, akatutuma kwa mama yake katika kile kijiji cha mibuyu. Hatukutafakari. Tukashika njia ya bwawani, tukakimbia kama watu wanaoshindana, na kusema kweli tulikuwa tunashindana, hata siku ile.

Tulimkuta mama shambani anavuna zabibu. Tukamwamkia kwa Kigogo, mbukwa, naye akaitikia, akatutazama jinsi tulivyokuwa tukihema. Akauliza, "Mwanangu hajambo?"

Midomo yetu ilikuwa mitupu. Tulikuwa tumekimbia njia nzima bila kutafuta hata neno moja. Tukamjibu, "Hali yake si nzuri sana, mama. Jiandae uende mjini."

Akaacha kikapu pale pale. Akaingia ndani, akawasha moto, akaanza kupika uji wa kumpelekea mgonjwa. Akafunga khanga mbili na shuka safi. Akamwita jirani amshikie kuku. Sisi tulikaa juu ya gogo nje, tukitazama chini, na uji ukachemka.

Baada ya muda akatokea katekista mzee wa kanisa la pale, akishuka kilima kwa fimbo yake, taratibu. Alikuwa ameisikia habari kanisani, akaja kwa miguu, peke yake. Hakutuuliza kitu, alipouona moshi wa jikoni alielewa. Akaingia, akaketi karibu na yule mama, akamshika mkono, akamwambia kwa lugha yao wenyewe kwamba mtoto hayupo tena. Kilio tulichokisikia hatutakisimulia. Lakini baadaye mama alitoka nje, akatuambia kwa sauti ya chini: "Walimu, mbona mmeniacha nipike?"

Jioni tulimwuliza yule mzee kwa nini, akiwa na umri ule, hakuzunguka njia ya chini. Akasema kwamba njia ya chini ingemfikisha kabla hajawa tayari; kule juu kila alipopungukiwa pumzi alisimama, na kila aliposimama aliomba apewe neno, na alipofika kileleni alikuwa amelipata.

Tusimlaumu Ahimaasi kupita kipimo. Hakuwa mwovu, alimpenda mfalme, na hakupenda kuwa yeye atakayemliza. Ndivyo tulivyo. Desturi yetu Waafrika ni kumwambia aliye safarini kwamba baba ni mgonjwa, arudi nyumbani, hali kaburi linachimbwa. Desturi hiyo ina sababu yake. Mtu aliye peke yake mbali aweza kuzimia njiani, tena aweza kujidhuru. Hatusemi habari ya msiba itupwe kama jiwe. Mkushi mwenyewe hakuitupa: alisema kwa adabu ya watu wa zamani kwamba adui za mfalme na wawe kama yule kijana, na mfalme akafahamu. Maneno yalikuwa ya upole, lakini mlango wa tumaini la uongo haukuachwa wazi. Daudi akapanda chumba cha juu ya lango, akalia. Hakumshukuru Mkushi. Mchukua habari za kweli asitazamie shukrani siku ile.

Bwana wetu naye alipita hapo. Katika Yohana 11, akiwa ng'ambo ya Yordani, aliwaambia wanafunzi kwanza kwamba Lazaro amelala. Wakamwelewa vibaya, wakasema kwamba usingizi utamponya. Alipoona wamelishika tumaini lisilokuwapo, aliwaambia waziwazi kwamba amekufa. Kisha akaenda mwenyewe. Na njia ile kutoka Yeriko kwenda Yerusalemu hupanda kama mita 1,000, na Bethania iko karibu na mwisho wa kupanda. Alipofika alilia pamoja na waliao. Alikuwa na uwezo wa kumfufua, hata hivyo alikwenda kwa miguu hadi kwao.

Siku hizi uwanda umekuwa tambarare zaidi. Mtu akifariki hospitalini saa 4, saa 4 na nusu picha yake imezunguka katika simu za vijana wote, na mama yake bado yuko shambani anapalilia pamba. Mwaka jana katika mtaa mmoja wa jirani mjane aliipata habari ya mumewe kwa mtoto wa miaka 10 aliyeshika simu ya kaka yake. Ahimaasi wa leo hahemi hata kidogo. Wengine wameandika pole kabla familia haijajua pole ni ya nini.

Kwa hiyo tumezungumza na Mchungaji na wazee wa kanisa, nao wamekubali jambo hili dogo. Msiba ukitokea, mwenye habari asiiandike po pote mpaka wafiwa wa karibu wameambiwa kwa mdomo. Wataendea watu wawili, mmoja awe mtu mzima anayejulikana na nyumba ile, na kama aliye mbali ni lazima aambiwe kwa simu, atafutwe kwanza ndugu au mkristo wa huko aketi naye. Mvua zikinyesha njia zetu za mbuga zenye udongo mweusi ni taabu, twajua. Watu watachelewa, na wachelewe.

Sisi tumekwisha staafu na nafasi tunayo. Atakayetumwa na anayeogopa kwenda, aje atugongee mlango hata usiku. Miguu haikimbii tena, lakini yaweza kupanda.