Kila Jiwe Lina Kwao

Kuta za msikiti wa kale wa Kaole, karibu na Bagamoyo, zimejengwa kwa viumbe. Sogea karibu na pale lipu ilipobanduka, utaona vijitundu vilivyopangika kama sega la nyuki: ni makazi ya viumbe wadogo wa matumbawe walioishi chini ya bahari muda mrefu kabla fundi hajalichonga jiwe lao. Mahali pengine kombe limekwama ndani ya jiwe, ukingo nje. Sisi wa Mlingotini, majirani wa Kaole, tumepelekwa pale tangu tukiwa wanafunzi. Tukaonyeshwa makaburi na nguzo zake, tukaambiwa msikiti ni wa karne ya 13. Lakini jiwe lenyewe, ambalo ni kongwe kuliko msikiti, hakuna aliyetuomba tulitazame.

Nimelikumbuka jiwe hilo kwa sababu ya watoto wa siku hizi. Wanapenda dinosaria. Mtoto asiyeweza kutaja mito mitatu ya Mkoa wa Pwani atakutajia Tyrannosaurus bila kugugumia, maana amemwona kwenye katuni. Wengine huokota mawe na makombe ufukweni, wakayapanga dirishani. Simlaumu hata mmoja. Udadisi wa mtoto ni mali, na mzazi anayemwambia "tupa uchafu huo" anaharibu kitu ambacho hatakirudisha kwa ada ya shule. Ningependa tu tuwazoeshe swali moja, ambalo kila mwenye kupenda visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale, anapaswa kuwa nalo mdomoni: hiki kimetoka wapi?

Pwani yetu inajua hasara ya kutouliza swali hilo. Katika karne ya 19, mojawapo ya bidhaa kubwa za pwani hii ya Mrima ilikuwa sandarusi. Habari za pembe za ndovu na za watumwa zimeandikwa, na zinastahili kuandikwa, lakini sandarusi imesahauliwa. Ni utomvu wa msandarusi uliodondoka, ukafukiwa, ukawa mgumu ardhini miaka na miaka, hata pale ambapo mti wenyewe ulikuwa umekwisha kutoweka. Wachimbaji waliufuata kwenye udongo mwekundu wa kichanga, wakichimba shimo jembamba na kuutoa udongo kwa kiganja hadi mkono uishie. Msafiri Mwingereza Richard Burton, ambaye msafara wake na mwenzake Speke ulianzia Kaole mwaka 1857 kwenda kutafuta maziwa ya bara, aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Wafanyabiashara waliipima sandarusi kwa frasila, majahazi yakaivusha hadi Unguja, na meli za Wamarekani zikaipakia kwenda Salem, Massachusetts. Huko ilioshwa kuondolewa gamba lake la vipele, kisha ikatumika kutengenezea vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi.

Ndani ya baadhi ya vipande mlikuwa na wadudu: sisimizi, mchwa, nzi, nyuki wadogo, kila mguu na kila bawa mahali pake. Watu wa Ulaya na Marekani waliopenda vitu vya ajabu walivikusanya, na vingine vikaishia makumbusho. Wadudu hao hawakuishi na dinosaria. Dinosaria walikwisha kutoweka yapata miaka milioni 66 iliyopita, na ukilinganisha, sandarusi ya kwetu ni ya juzi. Hata hivyo vipande hivyo ni ushahidi wa misitu ya pwani kabla hatujaikata, na vingekuwa na mengi zaidi ya kutueleza kama vingeandikwa vizuri. Kwa kuwa sandarusi ilipitia Unguja, sokoni iliitwa ya Zanzibar, ingawa sehemu kubwa ilichimbwa huku bara. Kipande cha nyuma ya Bagamoyo na kipande cha Rufiji vikalala sanduku moja, kwa jina la kisiwa ambacho havikutoka. Jina la mchimbaji ndilo halikuulizwa kabisa.

Tendaguru, mkoani Lindi, mambo yalikwenda tofauti kidogo. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta huko mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Wakati huo Vita vya Majimaji vilikuwa vikiiteketeza nchi. Mwaka 1909 makumbusho ya Berlin yakatuma msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na hadi 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilikuwa zimechukuliwa. Mamia ya vibarua walichimba. Wapagazi waliibeba mizigo kichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, safari kwa safari. Mnyama mmoja aliyetokana na kazi hiyo, Giraffatitan, aliyeishi miaka kama milioni 150 iliyopita, amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Sioni haki yoyote katika mtoto wa Lindi kuhitaji viza ili amwone mnyama wa kwao, na nitalisema hilo popote.

Pamoja na dhuluma hiyo, mashimo ya Tendaguru yaliandikwa, yakachorwa, na mifupa ikapewa alama za mahali ilipotoka. Majina ya baadhi ya wenyeji walioisimamia kazi yalibaki pia katika kumbukumbu. Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji. Mwaka 2007, karibu miaka 100 baadaye, wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi. Kwangu mimi heshima hiyo imechelewa mno. Lakini iliwezekana kwa sababu kuna mtu aliyaandika majina yale. Wachimbaji wa sandarusi hatuwezi kuwafanyia hivyo hata tukitaka.

Mwaka huohuo wa 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria aliyepatikana kwenye Mto Mtuka, kusini-magharibi mwa Tanzania. Popote mifupa yake itakapotajwa duniani, mto wake utatajwa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akikuonyesha kombe lililogeuka jiwe, mnunulie daftari kabla ya sanduku la kuwekea mkusanyiko. Aandike tarehe, aandike ufukwe au korongo, achore, ataje aliyekuwa naye. Mpeleke Kaole, umwache autazame ukuta kwa muda anaoutaka yeye; asibandue kitu. Mwalimu wa jiografia aliye Bagamoyo ana darasa la bure pale, na sijui kwa nini tunalipita.

Na mfupa uliogeuka jiwe usiung'oe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa kuuchimba na kwa kuutoa nchini. Upige picha pale pale ulipo, uandike mahali, kisha utoe taarifa ofisi ya kijiji, Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale. Hakikisha tu jina la aliyeuona kwanza linaandikwa kwenye taarifa hiyo, hata kama ni mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akichunga mbuzi.