Thamani ya Mtu Aliyeanguka Njiani

Wako watu wengi wanaoanguka katikati ya safari ya maisha. Kijana akianguka ana nguvu za kuinuka, na mzee akianguka watu humhurumia. Lakini mtu wa miaka arobaini au hamsini, mwenye watoto shuleni na jina mtaani, akipoteza kazi, au biashara yake ikivunjika, au rafiki akimsingizia jambo la aibu, huyo aghalabu huachwa peke yake. Jamaa humwuliza habari za fedha na afya. Naye huanza kukwepa barazani, kwa kuogopa kuulizwa, "Siku hizi uko wapi?" Maana swali hilo dogo ndani yake lina jingine kubwa: Mimi sasa nafaa nini?

Kumwambia mtu huyu "vumilia" ni rahisi, nako hakumsaidii sana. Yafaa tulitazame jambo lenyewe, na kwa kazi hiyo nimechagua hadithi moja ya Kiingereza, Silas Marner, iliyotolewa mwaka 1861. Mwandishi wake hujulikana kwa jina la kiume, George Eliot, lakini alikuwa mwanamke, Mary Ann Evans, aliyezaliwa mwaka 1819. Hadithi zake za kwanza zilitoka mwaka 1857, naye ana umri wa miaka 37. Mwaka huohuo kaka yake alikata mawasiliano naye, wala hakumwandikia tena mpaka mwaka 1880. Basi habari za kukataliwa na watu wa karibu hakuzipata vitabuni tu.

Silas ni mfumaji wa nguo, mcha Mungu, mwaminifu katika jumuiya ndogo ya dini mjini. Usiku mmoja anamkesha mzee wa jumuiya aliye mahututi, na fedha za jumuiya zinaibwa. Kisu cha Silas chaonekana mahali palipokuwa na fedha. Yeye akumbuka kwamba mara ya mwisho alikitumia kumkatia ukanda rafiki yake mpenzi, William Dane. Wazee wanapiga kura ili ijulikane nani mwenye hatia, na kura yamwangukia Silas. Baada ya mwezi mmoja na kidogo, mchumba wake aolewa na William.

Hapa sina budi kusimama kidogo. Watu wale walikuwa na ushahidi wa kuchunguza na shahidi wa kuhoji, wakaacha yote mawili wakatupa kura, kisha wakaiita kura hiyo hukumu ya Mungu. Uvivu wa wanadamu ukasingiziwa Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana Silas, alipotoka mji ule, alikuwa amepoteza rafiki, mchumba, na imani pia. Yeyote anayehukumu watu kwa jina la dini na alifikirie jambo hili.

Silas akahamia kijiji cha mbali kiitwacho Raveloe, akafuma kitani miaka kumi na mitano. Kazi yake ya kwanza huko alilipwa sarafu tano za dhahabu, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumtumia, akaanza kuzipenda zenyewe. Kila usiku alizitoa chini ya matofali ya sakafu akazihesabu. Hata miaka arobaini hajatimiza, na watoto wanamwita mzee. Kisha mwana mmoja wa tajiri wa kijiji akaziiba zote, zaidi ya pauni 272. Jina lilikwenda, sasa na dhahabu imekwenda.

Ukimwuliza mtu wa kawaida, atasema Silas hana kitu tena. Lakini tazama alivyofanya. Akakimbilia kilabuni walipokutana wanakijiji, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote akawaomba watu msaada. Wao nao, waliomwogopa kama mchawi, wakamwonea huruma. Jirani mmoja, Dolly, mwanamke asiyejua kusoma, akamletea mikate. Mfuko wa dhahabu ulikuwa ukuta, na mwizi aliubomoa bila kukusudia.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya, mtoto wa miaka miwili akaingia mlangoni mwake, mama yake amekufa nje thelujini. Silas akamlea, akamwita Eppie. Wasomaji wengi husema basi, mtoto ndiye aliyempa Silas thamani. Mimi sikubali kabisa. Ikiwa thamani ya mtu yatoka kwa mtoto, je, mtoto akifa au akihama? Tutakuwa tumebadili dhahabu kwa dhahabu nyingine.

Mwandishi ameweka jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita. Katika miaka ile ya upweke Silas alikuwa na mtungi wa udongo aliotekea maji miaka kumi na miwili. Siku moja ukavunjika. Haukufaa tena kwa kazi yoyote, lakini aliokota vipande, akaviunganisha, akauweka mahali pake pa zamani. Mtu aliyekufa moyo hafanyi hivyo. Tena kabla ya hapo alikuwa amempa jirani mgonjwa dawa ya mitishamba aliyofundishwa na mama yake. Kwa hiyo wema ulikuwamo wakati wote, ila haukuwa na pa kwenda. Eppie alikikuta kitu kilichokuwamo, hakukiumba.

Na uthibitisho waja miaka kumi na sita baadaye. Machimbo ya mawe yakaukapo, mifupa ya mwizi yaonekana pamoja na dhahabu, na Silas arudishiwa mali yake. Usiku uleule tajiri Godfrey Cass akaja kukiri kwamba yeye ndiye baba wa Eppie, akitaka kumchukua. Dhahabu Silas aliificha sakafuni. Eppie hakumficha. Moyo ulimwuma, akamkumbusha Godfrey miaka ambayo alinyamaza, lakini mwishowe akamwachia binti aseme mwenyewe. Eppie akachagua kubaki.

Limebaki jina. Silas akasafiri na Eppie mpaka mji wa zamani, akauliza kama ukweli ulijulikana baada ya ile kura. Akakuta nyumba ya ibada haipo tena. Pamejengwa kiwanda, na watu wanatoka kwenda kula chakula cha mchana. William Dane hakuonekana, wala wazee wale, wala mtu wa kumwambia, "Tulikudhulumu." Miaka thelathini alilibeba swali hilo, na jibu halikupatikana. Alimweleza Dolly kwamba hatajua kamwe, akarudi kwenye mtambo wake, na Eppie akafanya harusi yake.