Dhima ya Ujira ni ya Nani?

Katika darasa letu la Mwatate, usiku mmoja baada ya sala ya isha, kijana mmoja alituuliza suali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amefanya kazi ya kibarua kwa miezi mingi, na alipodai nyongeza ya ujira msimamizi alimwambia: "Mimi sina amri, mwendee wakala aliyekuandika." Wakala akamwambia: "Mimi nalipa kadiri nilipwavyo na kampuni." Kampuni nayo ikamjibu kwamba bei hukatwa na wanunuzi walio ng'ambo. Basi kijana akauliza: "Ikiwa nimedhulumiwa, na kila nimwendeaye asema si yeye, dhuluma hii yaandikwa kwa nani?"

Tumelifikiri suali hili kwa muda, na leo twawawekea wasomaji wetu yale tuliyoyaona, kwani hilo si suali la mtu mmoja.

Kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kamili, tena bila ya kucheleweshwa, ni jambo tulilofundishwa tangu chuoni, wala hapana mwenye akili alikataaye. Lakini tulipofundishwa tulidhani kuwa mwajiri na mwajiriwa wajuana kwa sura: huyu atoa jasho, yule atoa fedha, na wakihitilafiana waweza kuketi wakatazamana. Na juu ya dhana hiyo ndipo zilipojengwa taasisi za kazi katika nchi yetu.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, na mji ukasimama kwa siku 12. Waliyemdai walimjua, naye alikuwa karibu nao. Mwaka 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini mkataba wa kuongoza mahusiano yao. Mwaka 1963 kikazaliwa chama cha wafanyakazi wa mashamba makubwa na kilimo, kile kijulikanacho kwa herufi KPAWU, na mwaka 1964 ikasimamishwa Mahakama ya Viwanda, ili wasioafikiana wapate mwamuzi. Mpango huo haukukosa kasoro, walakin ulikuwa na jambo moja kubwa: mwenye kuketi mezani kwa upande wa mwajiri ndiye aliyekuwa na ufunguo wa sanduku.

Je, leo ni vivyo hivyo? La, si hivyo, na tutataja mifano mitatu.

Wa kwanza ni mkonge, ambao sisi watu wa Mwatate twaujua, kwani shamba la Teita lililo kwetu ni miongoni mwa mashamba makubwa ya mkonge katika nchi. Ni haki tukiri kwamba bei ya mkonge haikupata kukatwa Mwatate wala Voi. Kamba za plastiki zilipoenea ulimwenguni tangu miaka ya 1960, bei ilianguka na mashamba mengi ya Afrika Mashariki yakadhoofika. Hata leo mwenye shamba hushindana na Brazil, na humwuzia Mchina, Mnaijeria na Msaudia. Basi asemapo kwamba mkono wake umefungwa, si kila mara asema uwongo.

Mfano wa pili ni chai ya Kericho. Mwaka 2022 kampuni ya Unilever iliiuza biashara yake kubwa ya chai, pamoja na mashamba yake ya Kenya, kwa CVC, ambayo kazi yake ni kununua makampuni na kuyauza. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba hayo yatauzwa tena, kwa Browns ya Sri Lanka. Mchumaji chai hakuhama. Alilala mtu huyu akiwa mwajiri wake, akaamka mwingine. Na katikati ya hayo zikaja mashine za kuchuma chai, hata Mei 2023 baadhi yake zikatiwa moto na watu wenye hasira. Sisi hatusifu kuchoma mali. Twasema tu kwamba mtu asiyeona wa kusema naye huishia kusema na moto.

Mfano wa tatu ni wa Nairobi. Vijana waliokuwa wakichuja picha na maneno maovu katika Facebook waliandikwa kazi na kampuni nyingine, Sama, ilhali kazi yenyewe ilikuwa ya Meta ya Marekani. Waliposhtaki, Meta ilisema kwamba haikai Kenya na haiwezi kushtakiwa hapa. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikataa hoja hiyo, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani nayo ikaikataa. Mahakama hazikusema kwa hukumu hizo nani mkosa. Zilisema tu kwamba mlango hauwezi kufungwa kwa neno "mimi siko".

Kutokana na haya ndipo tunapopata jawabu letu. Dhima yafuata uwezo na faida, haifuati saini peke yake. Aliye na uwezo wa kuongeza au kupunguza, naye akanufaika na jasho la mtu, ana sehemu yake katika haki ya mtu huyo, hata akikaa nyuma ya bahari saba. Wahenga walisema mchumia juani hula kivulini. Lakini siku hizi achumaye juani ni mmoja, na alaye kivulini ni mwingine asiyeonekana. Kutoonekana kwake hakumvui dhima. Wala wakala hasalimiki kwa kusema "nilitumwa", kwani aliyekubali kutumwa kwenye dhuluma ameishiriki. Dhima haipungui kwa kugawanywa. Kila mmoja huchukua kadiri ya uwezo wake.

Ama yule asemaye kwamba bei ya dunia imemfunga mkono, sisi twamwambia: vizuri, tuonyeshe kamba. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri akifungulie chama habari zinazohusu majadiliano. Akiifungua hesabu yake, na ikaonekana kwamba kweli hana, watu wazima watavumiliana. Akikataa, basi asiwalaumu wasiomwamini.

Na vyama vya wafanyakazi navyo visijione vimesalimika. Sheria hiyo hiyo yalazimisha mwajiri kukitambua chama kilichokusanya zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Je, itakuwaje ikiwa wengi kazini ni vibarua na watu wa mawakala, ambao chama hakiwahesabu? Mwajiri aweza kukiua chama bila ya kumfukuza mwanachama hata mmoja. Amwachia kila astaafuye, na mahali pake amweka kibarua. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi njia ya kutoka katika ukibarua, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Lakini haki isiyodaiwa hulala kitabuni. Chama kiwaachacho vibarua nje chajichimbia kaburi lake chenyewe.

Limesalia neno moja, nalo ni chungu, kwa sababu latuhusu sisi tusomao waraka huu. Ni wangapi kati yetu wamejenga nyumba, wakampa fundi fedha kwa mkupuo, kisha jioni msaidizi wa fundi akaja kudai siku zake naye hajalipwa, tukamjibu, "Mimi nimekwisha kumlipa fundi, mwendee yeye"? Nyumba twalala sisi. Zege alilibeba yeye. Jawabu letu lina tofauti gani na jawabu la kampuni iliyo ng'ambo, ila kwamba yetu ni ndogo?

Basi kwa yule kijana twasema hivi. Dhuluma yako haikupotea njiani. Imeandikwa kwa kila aliyekuwa na uwezo wa kuiondoa akakuelekeza kwa mwenziwe. Usiende peke yako tena. Nenda na wenzio, wa kudumu na wa kibarua pamoja, mmwambie kila mmoja katika safu hiyo alete hesabu yake. Nasi tulioketi nawe darasani, kabla ya kuwanyoshea kidole walio mbali, na tuwalipe kwanza waliobeba zege letu.