Nyanya Atashukia Wapi?

Jumanne moja, kwenye saa tano za asubuhi, tulikuwa tunarudi kutoka kliniki, mimi na nyanya yangu, ndani ya tuktuk. Karibu na Msikiti wa Mandhry tukakwama. Mbele yetu pikapu ilikuwa inashusha magunia ya mchele, na mbele ya pikapu kulikuwa na gari dogo jeupe limeegeshwa, mwenyewe hayupo. Nyuma bodaboda mbili, na nyuma ya bodaboda mkokoteni umejaa mitungi ya maji. Hamali wa mkokoteni alikuwa anapaza sauti, "Simile! Simile!", ingawa hapakuwa na wa kupisha wala pa kupishia.

Mimi nilikuwa natoka jasho, na hasira zimenipanda. Nikasema, "Hii ndia ingefungwa tu, chombo chochote kisipite. Watu watembee."

Nyanya ana miaka 81, magoti yake yaligoma zamani. Akanigeukia polepole. "Hata hii?"

"Hii nini?"

"Hii tuktuk. Mimi nitashukia wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo limenisumbua tangu siku ile. Manake mimi ni mmoja wa wale wanaoamini kabisa kwamba Mji wa Kale uwe wa kutembea. Nilidhani upande wangu ndio upande wa haki, na kwamba tunaopingana nao ni wenye magari.

Kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili ya gari, hilo halina ubishi. Mandhry unasemekana kujengwa mwaka 1570. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593. Gari lilipofika Mombasa lilikuta nyumba zimeshapangana kifua kwa kifua, na vichochoro vimepimwa kwa mabega ya watu. Lakini likaingia hivyo hivyo. Leo ukishuka barabara ya Mbarak Hinawy, ukaupita msikiti, utatokea Government Square, uwanja wa kihistoria ulio kando ya Bandari ya Kale, mahali ambapo kwa karne nyingi majahazi yalileta watu na mali. Mchana utakachokiona zaidi ni mabati ya magari yanayong'aa juani.

Na hapa kuna jambo moja ambalo sina huruma nalo: kuegesha. Gari linalopita lina hoja yake. Linakwenda mahali, lina mtu, lina haja, basi tutavumiliana. Gari lililoegeshwa halina safari. Mwenyewe yuko dukani au ofisini, huku chuma chake kimekalia nafasi ambayo wazee sita wangeketi na dele la kahawa katikati. Tukimwona mtu ametandika mkeka katikati ya uwanja na kulala saa nane, tungemwita mwendawazimu au tungemwita askari. Gari likifanya hivyo tunalitoza ada, tunalipa risiti.

Kwa hiyo, uwanja ufunguliwe kwa watu. Sawa. Lakini watu gani?

Michoro ya namna hii umeiona. Kila mji wenye uwanja wa kale unayo: sakafu safi, miti midogo, taa nzuri. Na watu waliochorwa ndani yake, waangalie vizuri siku nyingine. Wote ni vijana. Hakuna aliyebeba kitu, labda mtoto mmoja ameshika puto. Hakuna ndoo ya samaki, gunia, wala fimbo ya kutembelea. Wanatembea kama watu wasio na pa kwenda, na nadhani ndivyo wanavyotakiwa kuwa, kwa sababu mtu asiye na pa kwenda ndiye atakayeingia mkahawani kupiga picha.

Tunapenda kusema tunataka kuurudisha mji kama ulivyokuwa kabla ya magari. Basi turudi kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na reli nyembamba barabarani, na juu yake vilikwenda vigari vya toroli. Picha zake zipo. Kigari kina kiti na paa dogo la kukinga jua, ameketi Mzungu na kofia yake, na nyuma yake wanaume Waafrika wanasukuma, miguu mitupu. Hakuna injini, hakuna moshi, hakuna honi. Kwa hesabu za leo, huo ni mji safi kabisa. Lakini haukuwa mji ambao kila mtu alikwenda kwa miguu. Ulikuwa mji ambao baadhi ya watu walikwenda kwa miguu ya wenzao.

Tangu nilipozitazama picha zile kwa makini, nimeshindwa kuliona suala hili kama ugomvi wa gari na miguu. Mzigo hautoweki kwa sababu injini imetoweka, unahamia mgongoni mwa mtu. Lamu, mji unaosifiwa dunia nzima kwa kutokuwa na magari, mzigo unabebwa na punda na mahamali. Naupenda Lamu, sitaki mtu aguse vichochoro vyake. Ila sijasahau kwamba utulivu ule ninaoufurahia, kuna mwenye shingo anayeulipia, ya mtu au ya mnyama.

Sasa mwangalie yule hamali wetu wa mitungi. Je, ni mwenda kwa miguu au ni chombo? Anatembea kwa siku kuliko mimi ninavyotembea kwa wiki. Hana injini. Lakini siku nguzo za chuma zitakaposimikwa mdomoni mwa uwanja ili kuzuia magari, mkokoteni wake hautapita, na mimi, ninayetembea nusu saa jioni kwa raha zangu, nitapita nikiwa nimeitwa mwenda kwa miguu. Hapo neno limefanya kazi chafu. Limechukua heshima ya mtu anayetembea kwa shida, likampa anayetembea kwa starehe.

Waswahili wa mji huu walikuwa na mawazo yao kuhusu jambo hili kabla ya wahandisi. Baraza, kwa mfano. Ni benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba, ni la mwenye nyumba, lakini anayepita akichoka huketi na hakuna atakayemuuliza. Na madrasa tulifundishwa haki ya njia: kwamba ukitaka kuketi barabarani, basi inamishe macho yako, ondoa udhia, itikia salamu ya anayepita. Utotoni niliona ni adabu tu. Sasa naona ni sheria ya mipango miji, tena iliyo bora kuliko nyingi, kwa sababu haimuulizi mtu amekuja na nini. Inauliza anawafanyia nini wenzake akiwa pale.

Nikiulizwa leo, nitasema hivi. Kuegesha pale Government Square kukome, usiku na mchana. Pikapu zilete mizigo alfajiri na ziwe zimetoka kabla ya saa tatu. Mkokoteni upite wakati wowote, na nguzo zipimwe kwa upana wake. Wauza kahawa na viazi karai wabaki walipo, wasiambiwe wapishe ujenzi halafu warudi wakute kodi ya kibanda imewashinda. Forodhani ya Unguja ilipofunguliwa upya mwaka 2009, wauza vyakula walirudi na meza zao, na mpaka leo ndio wanaoifanya ile bustani iwe Forodhani. Na tuktuk yenye mgonjwa au mzee ipite.

Najua utakachosema. Kila tuktuk itakuwa na nyanya yake. Dereva atamkodi mwanamke mwenye buibui akae nyuma siku nzima! Labda. Nimelifikiria hilo na bado nachagua kudanganywa na tuktuk kumi kuliko kumwambia mtu mmoja kwamba mji umependeza sana, kwa hiyo yeye abaki ndani.

Lakini sijakumalizia kisa cha ile Jumanne. Pikapu haikutoka. Tukateremka. Nyumbani ni ng'ambo ya uwanja, kwangu dakika mbili, kwake ni safari. Tulipofika uwanjani akaomba apumzike. Baraza lilikuwepo, hatua chache tu, ila gari lilikuwa limesogezwa mpaka kioo chake cha pembeni kimelalia ukingo, hapakuwa na pa kupenyeza hata paka. Nyanya akaliegemea lile gari. King'ora kikaanza kulia, uwanja mzima. Watu wakachungulia madirishani. Mimi nikamshika mkono nimsogeze, nimetahayari.

"Liwate lilie," akasema, na akaendelea kupumzika.