Likizo Ndefu, Kanisa Tupu



Agosti 2024 nilibaki chuoni Dar es Salaam kwa ajili ya field. Wenzangu wa kwaya walikuwa wamerudi makwao. Hosteli kimya, na kanisani benchi letu halina mtu.

Jumapili ya kwanza sikwenda Misa. Nikajiambia nimechoka. Ya pili, vilevile. Ya tatu ndipo nikajiuliza: hivi mimi nilikuwa naenda kusali, au kukutana na washikaji?

Swali hilo liliniuma, jamani. Tarehe 25 nikajikokota hadi kanisani. Injili ilikuwa Yoh 6:60-69: wanafunzi wengi wanamwacha Yesu, naye anawauliza wale Kumi na Wawili kama nao wanataka kuondoka. Nikaona naulizwa mimi. Petro hakuhesabu kwanza wangapi wamebaki. Alijua hana mwingine wa kumwendea.

Siku ile sikupokea Komunyo. Baada ya Misa nikamwomba padre aniungamishe. Nilitoka pale mwepesi.

Mpendwa, kama umebaki chuoni likizo hii, iwe ni field, sup au nauli imekosekana, usingoje wenzako warudi ndipo na wewe urudi kwa Yesu. Nenda Misa, hata peke yako. Na mtumie ujumbe mwenzako aliyebaki hosteli, mwende pamoja. Huenda naye anajikokota.

Ee Yesu, wengine wakiondoka, utujalie tubaki nawe. Amina.